Ziwa Kariba: starehe, dagaa na umeme vyategemea maji yale yale

WAFANYABIASHARA wa dagaa huijua kalenda ya mwezi kama wanavyoijua kalenda ya ukutani. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina nguvu, samaki hawakusanyiki na bei hupanda. Giza likirudi taa huwashwa, shehena huongezeka na bei hushuka. Hayo ni mambo ya kawaida Kigoma, Mwanza na Mpulungu.

Katika Ziwa Kariba, lililoko mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mfanyabiashara hulazimika kutazama kitu kingine zaidi ya mwezi. Hutazama kipimo cha maji. Kipimo hicho kikishuka, mvuvi, mwenye boti ya watalii, mwenye hoteli na mwenye kiwanda aliye mamia ya kilomita kutoka ziwani wote hupata pigo, ingawa si pigo la aina moja. Sababu ni kwamba Kariba si ziwa la asili. Ni ghala la maji lililotengenezwa na binadamu kwa ajili ya umeme. Biashara nyingine zote, zikiwemo za starehe, ni wapangaji katika nyumba ya umeme.

Wiki hii ukurasa huu unalitazama ziwa hilo kwa jicho la mtu mwenye mtaji mdogo. Tanzania nayo sasa ina bwawa kubwa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, na uvuvi na utalii vimetajwa miongoni mwa faida zinazotarajiwa. Kariba imeipita njia hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Ni vizuri kuzisoma hesabu zake kabla ya kufungua zetu.

UKUTA NDANI YA KORONGO

Habari ya Kariba ilianzia kwenye shaba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia migodi ya Copperbelt, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ilihitaji umeme mwingi kuliko uliokuwepo. Viwanda vya Salisbury, yaani Harare ya leo, navyo vilikuwa vikikua. Mwaka 1955 Serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ilichagua korongo la Kariba katika Mto Zambezi, ikauacha mradi wa Mto Kafue uliokuwa ukipendelewa na upande wa kaskazini. Mwaka 1956 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola za Marekani milioni 80, ambao kwa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wowote iliowahi kutoa kwa mradi mmoja.

Ukuta ulibuniwa na mhandisi Mfaransa André Coyne na kujengwa na kampuni ya Kiitalia ya Impresit. Ni ukuta wa zege uliopinda kama upinde, wenye kimo cha mita 128. Juu yake ipo barabara inayounganisha nchi hizo mbili. Mto haukukubali kufungwa kwa urahisi. Mafuriko ya 1957 yalikuwa makubwa, na ya 1958 yakayazidi, yakafunika kingo za muda na kuvunja daraja. Wafanyakazi zaidi ya 80 walipoteza maisha katika ujenzi huo. Wanakumbukwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Barbara lililoko mjini Kariba, ambalo hadi leo ni moja ya mahali wageni wanapopelekwa kwanza.

Desemba 1958 mto ulifungwa na maji yakaanza kupanda. Mei 1960 mama yake Malkia Elizabeth II wa Uingereza alizindua rasmi bwawa hilo, na mwaka 1963 ziwa likajaa. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 220, upana unaofika kilomita 40, eneo la takriban kilomita za mraba 5,500, na maji ya takriban mita za ujazo bilioni 180. Kwa ujazo, hadi leo hakuna ziwa lililotengenezwa na binadamu linalolizidi.

Kituo cha kwanza cha umeme kilijengwa upande wa kusini. Cha kaskazini kilifuata katika miaka ya 1970. Baada ya upanuzi wa miaka ya karibuni, cha Zambia kina uwezo wa megawati 1,080 na cha Zimbabwe megawati 1,050. Tangu 1987 maji yenyewe yako chini ya Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha nchi zote mbili, ambacho kila mwaka hupima maji yaliyopo na kuzigawia kampuni mbili za umeme mafungu yao.

DENI LISILOANDIKWA

Hesabu za mradi zilipofungwa, liko deni moja ambalo halikuandikwa ipasavyo. Bonde lililozama lilikuwa makazi ya Watonga. Watu wapatao 57,000 walihamishwa kutoka pande zote mbili za mto. Hawa walikuwa wakulima waliojua kulima kingo za mto maji yanapokupwa, juu ya mashamba waliyolima wakati wa mvua. Mahali walikopelekwa wengi hapakuwa na mto wala udongo wa aina hiyo.

Septemba 1958, huko Chisomo katika Bonde la Gwembe, wanakijiji waliokataa kuhama walikabiliana na polisi wenye bunduki. Watu 8 waliuawa. Waliobaki walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Lusitu, chini ya bwawa. Wazee wa Kitonga walisimulia kuwa mafuriko yale mawili yalikuwa hasira ya Nyaminyami, roho ya mto, ambaye leo sanamu zake huuzwa kwa watalii kama fimbo za kuchonga.

Katika miaka hiyo hiyo dunia ilikuwa ikitazama jambo jingine. Wanyama walikwama kwenye visiwa vilivyokuwa vikizidi kuwa vidogo, na askari wa wanyamapori walioongozwa na Rupert Fothergill waliwatoa kwa boti, kamba na mikono. Kazi hiyo ilipewa jina la Operesheni Nuhu, ikaokoa wanyama zaidi ya 6,000 na kuchangiwa fedha kutoka nchi nyingi. Wengi walipelekwa Matusadona, ambayo baadaye ikawa hifadhi ya taifa.

Kwa mfanyabiashara hili si jambo la historia tu. Vijiji vingi vya Watonga vilikaa miongo kadhaa bila umeme ilhali nyaya kubwa zikipita juu yao kwenda migodini na mijini. Mtu anayefungua kambi ya uvuvi au hoteli kando ya ziwa la namna hii anapanga jirani na watu wenye madai ya halali. Asipowapa kazi, soko na heshima, atayalipa madai hayo kwa njia nyingine: nyavu zilizoibwa, boti zilizofunguliwa usiku, na kesi za ardhi.

DAGAA WA TANGANYIKA WAHAMIA KUSINI

Samaki wa Zambezi walikuwa samaki wa mtoni. Ziwa lilipojaa, walikaa zaidi kandokando, na katikati palibaki maji mengi yasiyo na mvunaji. Wataalamu wakaenda kutafuta samaki wa kilindini, nao wakampata mahali ambapo wasomaji wetu wengi wanapafahamu, katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wachanga walichukuliwa huko na kusafirishwa kwa ndege hadi Sinazongwe, upande wa Zambia, wakamwagwa ziwani.

Walishika mizizi upesi. Mwaka 1973 uvuvi wa kibiashara ulianza upande wa kusini. Zambia humwita samaki huyo kapenta, Zimbabwe wengi humwita matemba, na mlaji wa Kigoma akimtazama atamtambua mara moja, ila atasema ni mdogo kuliko wa kwao. Ni kweli. Dagaa wa Kariba huishi muda mfupi, hata mwaka mmoja hawamalizi, na hawakui kama ndugu zao wa Tanganyika. Baadhi walipita penye mitambo, wakateremka na mto, wakajaza pia ziwa la Cahora Bassa nchini Msumbiji bila kupelekwa na mtu yeyote.

Uvuvi wake ni wa jukwaa linaloelea, lenye taa na wavu wa duara unaoshushwa chini kisha kuinuliwa. Kazi ni usiku. Wakati wa mwezi mpevu majukwaa hupumzika, wafanyakazi hurekebisha nyavu na mashine, na wachuuzi husubiri. Samaki huanikwa juani au kutiwa chumvi, kisha magunia hupanda malori kwenda Lusaka, Harare na miji ya migodi. Kwa mlaji wa kipato cha chini katika nchi zote mbili, hiki ndicho kitoweo kinachogawanyika kwa bei ya mfukoni.

Mavuno yalifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye yakaanza kupungua, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni wingi wa wavunaji. Nchi hizo mbili zilikubaliana majukwaa yasizidi 500 kwa ziwa zima, 275 ya Zimbabwe na 225 ya Zambia, lakini hesabu zilizofanywa katika miaka ya 2010 zilikuta yamepita 1,000. Ya pili ni maji. Mito inapofurika huleta rutuba ziwani, viumbe vidogo anavyokula dagaa huongezeka, naye huongezeka. Mwaka wa mto mdogo ni mwaka wa magunia machache. Mnunuzi anayefuatilia mvua za Zambezi ya juu hupata dalili ya shehena miezi kadhaa kabla ya kuiona sokoni.

Wenye mitaji mikubwa walikwisha geukia ufugaji. Kampuni ya Lake Harvest ilianza kufuga perege katika vizimba upande wa Zimbabwe mwaka 1997, na upande wa Zambia Yalelo ilifuata karibu na Siavonga. Samaki wa kizimbani hategemei mwezi. Anategemea chakula cha dukani na maji yenye kina cha kutosha chini ya kizimba.

BIASHARA YA STAREHE

Starehe ilianza mapema Kariba. Mashindano ya kimataifa ya kuvua tigafishi yalianza mwaka 1962, hata kabla ziwa halijajaa, na desturi yake ni kufanyika kila Oktoba. Tigafishi ni samaki wa Zambezi mwenye meno marefu ya nje na nguvu ya ajabu anaposhika ndoana. Mkubwa kuliko wote aliyeandikwa katika kumbukumbu za kimataifa kwa aina hiyo alivuliwa Kariba mwaka 2001, akiwa na kilo 16.1. Dagaa wa Tanganyika ndiye aliyemnenepesha, kwani tigafishi alipompata aligeuza chakula chake. Hivyo samaki aliyeletwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida akawa pia msingi wa mchezo wa watu wenye fedha.

Biashara ya pili, na ndiyo inayotambulisha ziwa hilo, ni boti za kulala. Hizi ni nyumba za ghorofa mbili au tatu zinazoelea, zenye vyumba, jiko, mpishi na nahodha, na nyingi zina kidimbwi cha kuogelea juu. Kidimbwi hicho si cha mapambo. Ziwani kuna mamba na viboko wengi, na katika maghuba yenye majani kuna kichocho, kwa hiyo mgeni mwenye akili haogi ziwani. Kundi la familia au wafanyakazi wa ofisi moja hukodi boti nzima kwa siku 3 au 4, hununua vyakula mjini, na kugawana gharama. Mchana boti ndogo zinazokokotwa nyuma huwapeleka kuvua na kutazama wanyama. Jioni hutia nanga katika ghuba, kati ya miti mikavu iliyokufa maji yalipopanda na ambayo bado imesimama. Tai wavuvi na ndege wengine hukaa juu ya miti hiyo. Kwa mgeni ni picha nzuri, kwa nahodha ni hatari, ndiyo maana boti nyingi hazitembei usiku.

Tatu ni wanyama. Kingo za Matusadona zina tembo, nyati, simba na viboko wanaoonekana ukiwa umeketi kwenye boti. Nne ni safari za mitumbwi chini ya ukuta, kuelekea Chirundu na Mana Pools, ambako mto hurudi kuwa mto. Tano ni bwawa lenyewe: wageni husimama juu yake kutazama korongo upande mmoja na bahari ya maji baridi upande wa pili.

Kwa miaka mingi palikuwepo pia kivuko kilichobeba abiria na magari kutoka mji wa Kariba hadi Mlibizi, upande wa Victoria Falls, kwa safari ya saa 22 hivi. Ilikuwa njia ya mkato kwa watalii wenye magari, nayo iliwaingizia fedha wenye vibanda, mafuta na vyakula katika ncha zote mbili.

Wateja wa starehe hizi si Wazungu kutoka mbali peke yao. Upande wa Zambia, Siavonga iko takriban kilomita 200 kutoka Lusaka kwa barabara ya lami, na hoteli zake zimeishi kwa semina na mikutano ya wizara, mashirika na makampuni ya mjini. Baada ya mwaka 2000, utalii wa Zimbabwe ulipopata misukosuko ya siasa na fedha, walioziweka boti majini walikuwa zaidi wateja wa Harare, Bulawayo na Afrika Kusini. Hilo ni somo la biashara: mteja wa ndani huja na kikapu chake cha vyakula na hukata bei, lakini habari mbaya za redio za Ulaya hazimzuii kuja.

Madereva wa malori kutoka Dar es Salaam nao wanaijua njia hiyo. Wanaoshuka kwenda Harare hupita Chirundu, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2009, na muda mfupi kabla ya kufika huko ndipo barabara ya Siavonga huchepuka. Wengi huipita bila kujua kuwa ziwa liko karibu.

NGOZI NA HISA

Kwa msomaji wetu anayefuata masoko ya hisa, Kariba ina mfano mmoja. Ufugaji wa mamba ulianza huko miaka ya 1960. Kampuni ya Padenga, yenye mashamba ya mamba kando ya ziwa, ilitenganishwa na kampuni mama ya Innscor na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Zimbabwe mwaka 2010. Wateja wa ngozi zake ni watengenezaji wa mikoba ya anasa ya Ulaya. Mwaka 2019 ilinunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni ya dhahabu ya Dallaglio, na mwaka 2021 ikahamia Soko la Hisa la Victoria Falls, ambako biashara hufanywa kwa dola.

Aliyenunua hisa hizo akidhani ananunua mamba, baada ya miaka kumi alijikuta akifuata zaidi bei ya dhahabu. Si kosa la mtu, kwani kampuni ilitafuta mguu wa pili wa kusimamia. Lakini anayenunua hisa kwa jina la ziwa na asifungue ripoti ya mwaka, hajui alichonunua.

JINSI YA KUSOMA KIPIMO

Sasa turudi kwenye kipimo cha maji. Ziwa Kariba limepangwa kufanya kazi kati ya mita 475.5 na mita 488.5 juu ya usawa wa bahari. Tofauti ni mita 13. Maji yaliyo kati ya alama hizo mbili ndiyo yanayohesabiwa kuwa akiba ya kuzalisha umeme, nayo ni takriban mita za ujazo bilioni 65. Yaliyo chini ya hapo, zaidi ya bilioni 110, hukaa pale pale.

Hapa ndipo wengi hukosea. Novemba 2022 Mamlaka ya Mto Zambezi iliiagiza Zimbabwe kusimamisha uzalishaji katika kituo cha kusini, kwa kuwa ilikwisha tumia zaidi ya fungu lake na akiba ilikuwa chini ya asilimia 5. Mwisho wa Desemba mwaka huo akiba ilikuwa chini ya asilimia 1. Aliyesoma vichwa vya habari angedhani ziwa limekauka. Halikukauka. Asilimia 1 ilikuwa ya maji ya umeme. Kwa samaki, mamba na boti, sehemu kubwa ya ziwa ilikuwepo bado.

Lakini mwenye boti naye hakubaki salama. Yeye hasomi asilimia, husoma mita na mteremko wa ufuko. Mahali penye mteremko mkali maji yakishuka mita 5 hateseki sana. Penye tambarare, maji hayo hayo huondoka mamia ya mita, na gati lililogharimu fedha nyingi hubaki juu ya matope. Hoteli iliyouza vyumba vyenye ziwa mlangoni huuza vyumba vyenye uwanja wa majani mlangoni. Visiki vilivyokuwa chini hukaribia uso wa maji na kutoboa boti.

Na katika hasara hiyo hiyo wako wanaopata faida. Maji yanaporudi nyuma, majani mabichi huota kwenye ufuko uliofunuliwa, na nyati na tembo hushuka kula wakati ambapo kwingine kumekauka. Kwa mwenye kuuza safari za kutazama wanyama, mwaka mbaya wa umeme unaweza kuwa mwaka mzuri wa picha.

Mwaka 2024 ukame ulioletwa na El Niño ulizipiga nchi zote mbili. Maji yaliyotengwa kwa umeme mwaka huo yalikuwa mita za ujazo bilioni 16 tu, bilioni 8 kwa kila nchi. Zambia ilitangaza ukame huo kuwa janga la taifa mwezi Februari, na baadaye wateja wake walikaa gizani kwa saa nyingi kwa siku. Hapo mwenye hoteli ya Siavonga alipata pigo la pili. Ziwa lilikuwa mbele yake, lakini jokofu la samaki na pampu ya maji ya hoteli vilihitaji jenereta na dizeli. Mchuuzi wa samaki wabichi aliumia zaidi ya mchuuzi wa dagaa wakavu, kwa sababu jua halina mgawo.

Kila mwaka nao una majira yake. Mvua za Zambezi ya juu hunyesha kuanzia Novemba, lakini maji hupita kwanza katika mbuga za Barotse na kuchelewa huko. Kwa kawaida ziwa huwa juu katikati ya mwaka, na huwa chini kabisa mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Anayetaka kuona gati au kiwanja kabla ya kukinunua aende Desemba, si Julai. Muuzaji atapenda kumwonyesha Julai.

YA KARIBA NA YA RUFIJI

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kazi mwaka 2024, na mitambo yote 9, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Liko ndani ya eneo la wanyamapori, kama Matusadona. Litavutia wavuvi, wenye boti na wenye hoteli. Wasomaji wa Dodoma na Iringa hawahitaji kuambiwa mengi, kwani wanakumbuka jinsi Mtera lilivyopungua na mgawo wa umeme ulivyotusumbua mwaka 2006.

Kutokana na Kariba, ukurasa huu unaona mambo manne ya kuzingatiwa na mwenye mtaji mdogo.

Kwanza, ajue mwenye nyumba ni nani. Katika bwawa la umeme maamuzi ya maji hufanywa kwa ajili ya mitambo. Mvuvi na mwenye hoteli wataarifiwa, hawataulizwa. Kwa hiyo gati lijengwe la kuelea na kusogezwa, vyumba vijengwe juu, na mkopo wa benki uwe na nafasi ya kuhimili mwaka mmoja mbaya.

Pili, asome kipimo kinachohusu biashara yake. Asilimia ya akiba ni ya muuza umeme na mwenye kiwanda. Mita za kina ni za mwenye boti. Wingi wa maji yanayoingia ni wa mnunuzi wa samaki. Mamlaka ya Mto Zambezi hutangaza vipimo vya Kariba mara kwa mara, na yeyote anaweza kuvisoma bila kulipa. Wenye mabwawa yetu nao wadaiwe kufanya vivyo hivyo.

Tatu, leseni za uvuvi zihesabiwe mapema. Kariba waliafikiana idadi ya majukwaa, kisha wakaiacha idadi hiyo ivukwe maradufu. Aliyenunua jukwaa la 300 alipata faida. Aliyenunua la 1,000 alinunua deni, na akapunguza mavuno ya wenzake wote.

Nne, wenyeji wawe na fungu lao. Ziwa lililowahamisha watu na kuwaacha gizani haliwezi kuwa mahali pa starehe tulivu. Watonga walilipia Kariba kwa mashamba, makaburi ya wazee wao na uhai wa watu wao. Mwekezaji anayeanza leo mahali pengine hana udhuru wa kutolijua hilo.

Kwa yule ambaye hataki kuwekeza bali anataka kupumzika baada ya kufunga hesabu za mwaka, Kariba bado ni ya kutembelewa. Akodi boti na wenzake, achukue ndoana, asioge ziwani. Na akiletewa sahani ya kapenta wa kukaanga kwa nyanya, akumbuke kuwa dagaa hao asili yao ni Tanganyika.